Regent Street 309: nyumba iliyolea mbio na sinema

Tarehe 21 Februari 1896, watu waliotoa shilingi moja mlangoni waliingia ukumbi wa Polytechnic, Regent Street, katikati ya London, wakaketi gizani kutazama picha zikijongea kwenye pazia. Aliyeendesha onyesho ni Félicien Trewey, Mfaransa mzoefu wa jukwaani, kwa niaba ya ndugu wawili Lumière. Hakuna filamu iliyofika dakika moja. Wanahistoria wengi wa sinema ya Uingereza huanza kuhesabu hapo, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza umma wa nchi hiyo kulipa kiingilio kuona filamu ya kutupwa kwenye pazia.

Jengo hilo, namba 309, lilikuwa na sifa nyingine mjini. Tangu mwaka 1882 lilikuwa mikononi mwa Quintin Hogg, mfanyabiashara mcha Mungu aliyetaka vijana wa kipato kidogo wapate elimu ya jioni na afya ya mwili kwa pamoja. Humo humo mlikuwa na madarasa, ukumbi wa mazoezi ya viungo, bwawa la kuogelea, na klabu ya riadha iliyoitwa Polytechnic Harriers. Karani akitoka kazini aliweza kusoma hesabu kisha akaenda kukimbia na wenzake.

Vipo vyuo vikuu London ambavyo vimewahi kumruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuunganisha sayansi ya mazoezi na masomo ya filamu katika digrii moja ya miaka 3. Mzazi wa Tanga au Kisumu akisikia hivyo atauliza, wala hana kosa, mwanawe ataajiriwa na nani. Suala la ajira tuliweke kando. Ila kama hoja ni kwamba masomo hayo hayana undugu, historia ina la kusema.

Kabla haijawa burudani, picha ya kujongea ilikuwa chombo cha kuchunguzia mwendo. Eadweard Muybridge, mzaliwa wa Kingston upon Thames, pembezoni mwa London, alipanga kamera kando ya njia ya farasi huko California mwaka 1878, ajue kama farasi akiwa mbioni huinua kwato zote nne kwa pamoja. Ikaonekana huziinua. Machi 1882 alileta picha zake London akazionyesha Royal Institution, Mwanamfalme wa Wales akiwa kati ya watazamaji. Mwaka huohuo Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa fiziolojia huko Ufaransa, aliunda kamera ya umbo la bunduki iliyopiga picha mfululizo. Shida yake ilikuwa kujua ndege anavyopiga mbawa na binadamu anavyopiga hatua. Kuuza tiketi hakukuwa akilini mwake.

Olimpiki ya 1908 ilipohamishwa kutoka Roma kuja London, Polytechnic Harriers ndio waliopewa kazi ya kupanga njia ya marathoni. Katibu wao, Jack Andrew, aliianzisha kwenye kasri la Windsor na kuimalizia uwanja mpya wa White City, mbele ya jukwaa la kifalme. Hesabu ikatoka kilomita 42 na mita 195. Tarehe 24 Julai, Mwitaliano Dorando Pietri aliingia uwanjani akiwa wa kwanza, akashika upande usio wake, akaanguka, akainuka, akaanguka tena na tena, mpaka maofisa wakamsaidia kuvuka mstari. Akanyang'anywa ushindi, ukaenda kwa Mmarekani Johnny Hayes. Wapiga filamu walikuwepo, na vipande vilivyosalia bado vinatazamwa: mtu mzima ambaye miguu imemgomea hadharani.

Umbali ule wa Windsor hadi White City, uliotokana zaidi na mahali pa kukaa familia ya mfalme kuliko hoja yoyote ya sayansi, ulifanywa rasmi kwa dunia nzima mwaka 1921. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alipotumia saa 2, dakika 1 na sekunde 25 kwenye marathoni ya London Aprili 2023, alikuwa anakimbia kipimo cha klabu ya Regent Street.

Kwa nini misuli hugoma? Aliyelishika swali hilo kwa vipimo ni Archibald Vivian Hill, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, aliyehamia University College London mwaka 1923. Hill alikuwa mkimbiaji, na hakuona aibu kuupima mwili wake mwenyewe. Yeye na wenzake walieleza jinsi mkimbiaji anavyotumia nguvu kwa mkopo kisha akalipa kwa kuhema baada ya mbio; wakaliita deni la oksijeni. Maelezo ya kikemia yamerekebishwa sana tangu hapo, lakini mtindo wa kumfanya mwanariadha awe somo la maabara ulibaki.

Katika maabara za leo, kamera imerudi kwenye kazi ya Marey. Filamu ya kawaida hupita picha 24 kwa sekunde. Mguu wa mkimbiaji wa mita 100 hugusa chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo kamera ya sinema itaunasa mara mbili tu, basi. Ndiyo maana maabara hutumia kamera za picha mia kadhaa kwa sekunde, na vidoti vinavyong'aa hubandikwa kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu ili kompyuta ifuate kila kiungo.

White City ina kisa kingine, kilicho karibu zaidi na kwetu. Julai 1954, Lazaro Chepkwony wa Kenya alikimbia hapo maili 6 peku, akichomoka ghafla na kupunguza, akiwavuruga Waingereza, kabla maumivu hayajamtoa. Kesho yake Nyandika Maiyoro aliongoza mbio za maili 3 kwa pengo lililowatia watu hofu, akamaliza wa tatu. Wawili waliomtangulia walivunja rekodi ya dunia. Wachambuzi wengi wa wakati huo walishikilia kwamba Mwafrika anafaa mbio fupi tu. Uwanja ulibomolewa mwaka 1985, na BBC ikajenga ofisi zake hapo.

Polytechnic nayo ilianza kufundisha ufundi wa sinema mwaka 1933, mapema kuliko vyuo vingi vya Uingereza, na tangu 1992 inaitwa University of Westminster. Asif Kapadia, mzaliwa wa Hackney, alisomea filamu huko. Filamu yake Senna ya mwaka 2010, kuhusu dereva wa mbio za magari wa Brazili aliyepata ajali iliyomuua huko Imola mwaka 1994, imeshonwa kwa picha za kumbukumbu. Wasimulizi wanasikika tu. Kwa Diego Maradona ya mwaka 2019 alikuwa na zaidi ya saa 500 za picha ambazo umma haukuwa umeziona, na akazipunguza hadi saa mbili na ushei.