Siku ya Kumi na Saba ya Huzuni

Jumapili ya Matawi mwaka 2020, mamangu alikata tawi kwenye ua wa jirani, bila ruhusa, akalichomeka juu ya picha ya Moyo Mtakatifu pale sebuleni. Kanisa lilikuwa limefungwa kwa sababu ya korona. Chuo nacho kilikuwa kimefungwa, na ingawa sikujua bado, mimi singerudi tena. Siku zilifanana zote. Ni mathe tu, na kalenda yake ya parokia kando ya friji, aliyejua tumefika wapi katika mwaka: Kwaresima inaisha, nyama hakuna, muziki wa kelele hakuna.

Niliona ni maigizo. Ibada gani ya watu wanne na redio? Miaka kadhaa baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa kwa kazi ya kuandikia mtu, nikakutana na wakulima wa Urakami, karibu na Nagasaki.

Habari yao ina mguu mmoja hapa kwetu. Francis Xavier, Mjesuiti aliyefikisha Ukristo Japani mwaka 1549, alikuwa amepitia Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Dini ikaenea, kisha mwaka 1614 watawala wa Tokugawa wakaipiga marufuku nchi nzima. Mapadre walifukuzwa au kuuawa, na kufikia katikati ya miaka ya 1640 hakubaki wa kuhudumu. Watu walilazimishwa kukanyaga picha za Yesu na Maria kuthibitisha kwamba si Wakristo. Wengi walikanyaga, wakarudi nyumbani, wakaomba msamaha.

Sasa fikiria shida yao. Bila padre hakuna misa wala kitubio. Ubatizo sawa, hata mkulima anaweza kubatiza. Lakini Pasaka ni lini? Pasaka huhamahama: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Na Japani ya wakati huo ilihesabu miezi kwa mwandamo, miezi 12 ya siku 354 hivi, halafu baada ya miaka miwili au mitatu unaongezwa mwezi wa kumi na tatu. Yaani sikukuu ileile inaruka huku na kule. Ukikosea, unawarithisha watoto kosa, nao wanawarithisha wajukuu, na hakuna wa kuuliza.

Walichokuwa nacho ni kalenda ya mwaka 1634, ambayo masimulizi ya wenyeji yanasema waliachiwa na katekista Mjapani aliyeitwa Bastian. Waliinakili kwa mkono. Kila jumuiya ilikuwa na mtunzaji wake, chokata, aliyepiga hesabu kila mwaka na kupitisha habari nyumba kwa nyumba: leo msishone, leo msiguse shamba, leo tunaingia wakati wa huzuni. Ndivyo walivyoiita Kwaresima. Kosa la kuwa na karatasi hiyo lingeweza kukuua.

Tarehe 17 Machi 1865 kikundi cha watu wa Urakami kiliingia kanisa jipya la Oura, Nagasaki, lililojengwa kwa ajili ya wageni. Wakamnong'oneza padre Mfaransa, Bernard Petitjean, kwamba imani yao na yake ni moja, wakauliza sanamu ya Maria iko wapi. Wakamwambia pia kwamba wako siku ya 17 ya huzuni. Nilichukua simu nikahesabu. Mwaka huo Pasaka ilikuwa 16 Aprili, kwa hivyo Jumatano ya Majivu ilikuwa 1 Machi. Siku ya 17 kamili, bana. Zaidi ya miaka 200 bila padre, na hawajapotea hata siku moja.

Haikuwaletea raha. Kuanzia 1868 zaidi ya watu 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa, na mamia walifia huko. Waliruhusiwa kurudi 1873. Wengine waliokuwa wamejificha hawakujiunga na mapadre wapya kamwe. Walishikilia mambo kama walivyoachiwa na mabibi zao. Hao ninawaelewa pia.

Tawi la mathe lilikaukia pale ukutani. Februari 2021, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, alilishusha alipeleke kanisani likachomwe. Akaniuliza kama nakuja. Nikamwambia niko na kazi. Sikuwa na kazi yoyote.