Futi Nane za Bomba Lisilokuwepo

Programu nyingi za sintesaiza zina swichi yenye tarakimu 32, 16, 8, 4 na 2, kila moja na alama ya futi. Swichi hiyo hukaa kwenye osileta, sehemu inayozalisha wimbi la sauti. Kompyuta haina bomba wala mvukuto, kwa hiyo futi hizo ni za nini?

Ni urithi wa vinanda vikubwa vya makanisa ya Ulaya. Bomba lililo wazi linalotoa C ya chini kabisa ya kibodi ya mikono ya kinanda hicho lina urefu wa futi 8 hivi, karibu mita 2.4. Bomba lenye urefu maradufu hushusha sauti oktava moja. La nusu yake huipandisha oktava moja. Kinanda cha umeme cha Hammond, kilichoingia sokoni mwaka 1935, kilihifadhi vipimo hivyo, na sintesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970, kutoka karakana ya Robert Moog huko Trumansburg, jimbo la New York, nayo ikavichukua.

Minimoog ilikuwa na osileta tatu. Ya kwanza ndiyo kiongozi. Ya pili na ya tatu zilipewa kila moja kitufe chake cha kuzungusha, cha kuzisogeza juu au chini ya kiongozi. Hapo ndipo utamu ulipo. Osileta moja ikitoa mitetemo 440 kwa sekunde na nyingine 441, sikio husikia sauti moja inayopanda na kufifia mara moja kila sekunde. Ikiwa 443, mara tatu. Sauti inanenepa, inakuwa hai. Tena mashine zenyewe zilisaidia bila kuombwa: transista zilipopata joto, toni iliyumba, na wapigaji walilazimika kuirekebisha upya mara kwa mara.

Ajabu ni kwamba osileta ya kompyuta imeitangulia ya Moog. Mwaka 1957 Max Mathews wa maabara ya Bell Labs aliifanya kompyuta ya IBM 704 itoe wimbo wa sekunde 17, kwa wimbi la pembetatu pekee. Mtunzi aliweza kuamua kimo cha sauti, nguvu yake na muda wake, basi.

Hesabu za kompyuta haziyumbi, na huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Osileta mbili zilizowekwa sawasawa hubaki sawasawa hadi umeme ukatike. Mwaka 1996 Roland ya Japani ilitoa JP-8000, sintesaiza ya kidijitali iliyorundika mawimbi saba ya msumeno, yakiwa yamepishana kidogo kimakusudi. Sehemu kubwa ya muziki wa trance ikajengwa juu ya mlio huo. Mwaka 2011 kampuni ya u-he ya Berlin ilitoa programu ya Diva, ambayo ina swichi maalumu ya kuzifanya osileta ziyumbe. Kasoro iliyowasumbua wapigaji wa Minimoog sasa inauzwa kama sifa, na wanunuzi wanailipia kwa hiari.