Radiohead

Radiohead ni bendi ya roki mbadala iliyoanzishwa mwaka 1985 mjini Abingdon, Uingereza, na vijana watano wa shule moja: Thom Yorke, ndugu wawili Jonny na Colin Greenwood, Ed O'Brien na Philip Selway. Hapo awali iliitwa On a Friday.

Wimbo "Creep" (1992) uliwapa umaarufu, ingawa baadaye wenyewe waliuchoka. Albamu ya OK Computer (1997) iliwapandisha daraja, na wengi walitarajia wairudie. Badala yake, Kid A (2000) iliweka gitaa kando na kutanguliza sinthesaiza, midundo ya kompyuta na ondes Martenot, kinanda cha umeme cha Kifaransa cha miaka ya 1920. Haikutolewa singo hata moja, lakini albamu ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Huo ndio ujasiri wao mkubwa zaidi, kuliko hata uamuzi wa mwaka 2007 wa kuuza albamu ya In Rainbows mtandaoni kwa bei aliyojipangia mnunuzi.

Baadaye, albamu yao ya A Moon Shaped Pool ilitoka mwaka 2016.