Mbu wa Nagongera na Herufi Nne za Urithi

Kila seli ya mbu hubeba DNA: nyuzi mbili zilizosokotana, zenye maelekezo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Maelekezo hayo yameandikwa kwa kemikali nne, A, T, C na G. A huungana na T, na C huungana na G. Hivyo kila uzi hutosha kuunda mwenzake, na urithi hupita kizazi hadi kizazi.

Mwaka 2012, mbu aina ya Anopheles gambiae, waenezao malaria, walikusanywa Nagongera, wilayani Tororo, Uganda. DNA yao ilikatwa vipande vidogo, mashine zikasoma herufi, kompyuta zikavipanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha mbu 765, wakiwemo hao wa Nagongera, kutoka nchi 8 za Afrika.

Tazama herufi moja iliyobadilika:

TTA → TCA

Badiliko hili, lililo katika jeni ya mfumo wa fahamu, humsaidia mbu kustahimili dawa ya pairethroidi inayotiwa kwenye vyandarua. Limeenea Uganda na Kenya; mbu hazuiwi na mpaka wa Busia ulio kati ya nchi hizo. Hata hivyo, chandarua kizima bado hukukinga. Kitumie kila usiku.