Moyamoya si moyo

Ukilisikia neno moyamoya pale Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, utadhani ni maradhi ya moyo. Sivyo. Ni neno la Kijapani, lenye maana ya kitu cha ukunguukungu, mfano wa moshi unaofuka. Madaktari Suzuki na Takaku waliupa ugonjwa jina hilo mwaka 1969, kwa jinsi mishipa ya ubongo ilivyoonekana kwenye picha za eksirei: mikubwa inaposinyaa, mwili huotesha vijimishipa vingi vya kusaidia, navyo ni dhaifu. Mwisho wake huweza kuwa kiharusi, hata kwa mtoto mdogo. (Hospitalini kwetu watasema AVC, kwa Kifaransa, mimi naona kiharusi latosha, na bibi zetu wanalielewa.) Ugonjwa wenyewe ni nadra, ila hali inayofanana nao huwapata baadhi ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na selimundu si ngeni Afrika Mashariki. Basi mtoto akipindwa mdomo ghafla, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, msihangaike na mashetani. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.