Shoti

Shoti ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza, na gereji zimelibebesha mzigo usio wake. Kiti cha umeme cha gari lililotumika kikigoma, husemwa kina shoti. Kwa maana halisi, shoti hutokea waya wenye moto unapogusa bodi au waya wa ethi. Mkondo huzidi na fyuzi huungua. Fyuzi ikiwa nzima na mota iko kimya, mara nyingi hitilafu ni ya kukatika: waya uliochoka chini ya kiti kwa kusogezwa mbele na nyuma, swichi iliyomwagikiwa chai, au ethi yenye kutu. Hiyo si shoti. Na penye shoti ya kweli, kuweka fyuzi kubwa zaidi ni hatari: kitakachoungua ni waya.