Kutu Iliyofungiwa: Ferritini na Akiba ya Chuma Mwilini

Mwenye nyumba wa Mji Mkongwe anayeziba ufa kwa saruji na nondo badala ya chokaa hujinunulia balaa. Chumvi ya bahari hupenya, nondo ikashika kutu, kutu ikanenepa, na ukuta wa mawe ya matumbawe ukapasuka kutoka ndani. Ndiyo maana sisi wa pwani tukisikia kutu tunasikia uharibifu. Hoja yangu ni kwamba mwilini mambo yamegeuka: kutu ndiyo namna salama ya kuweka chuma, na hatari huanza pale chuma kinapokosa mahali pa kugeukia kutu.

Mahali penyewe ni ferritini, protini iliyotengwa kutoka bandama la farasi na Vilém Laufberger mwaka 1937. Ni tufe lenye uwazi ndani, upana wake nanomita 12 hivi, lililojengwa kwa vipande 24 vya aina mbili, H na L, na huweza kubeba hadi atomi 4,500 za chuma. Chuma chenye chaji mbili, kile kinachoyeyuka majini, hupita kwenye vijitundu vya tufe na kufika katika vipande vya aina ya H. Hapo atomi hukaa mbili mbili, na molekuli moja ya oksijeni huzipokonya kila moja elektroni yake. Hutoka chuma cha chaji tatu, na pamoja nacho haidrojeni peroksaidi.

Hiyo peroksaidi si mgeni mwema. Ikikutana na chuma huru cha chaji mbili huzaa radikali zinazotafuna utando wa seli na hata DNA. Ferritini huipunguza makali kwa kuitumia humo humo kuoksidisha chuma kingine. Vipande vya aina ya L havioksidishi kitu. Vyenyewe huzipa ayoni za chuma pa kuanzia kuganda, hadi ipatikane punje ya ferihaidraiti. Fundi wa nondo angeiona angeiita kutu tu, wala asingekosea sana. Punje ikishakua, uso wake wenyewe huendeleza kazi.

Ghala hilo la ferritini husahaulika kliniki zetu zinapogawa “vidonge vya kuongeza damu”, na jina hilo huufanya mwili mtungi: ukipungua, jaza. Pemba ilionyesha gharama ya picha hiyo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, watoto wa miezi 1 hadi 35 walipewa kila siku madini ya chuma na asidi ya foliki, miligramu 12.5 za chuma kwa waliotimiza mwaka mmoja, na nusu ya kipimo hicho kwa wachanga zaidi, kisiwani ambako malaria ilikuwa kali. Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisitishwa: hatari ya kulazwa au kufa ilikuwa juu kwa asilimia 12 kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wengi hunukuu hapo na kufunga kitabu. Lakini katika utafiti mdogo uliofanywa ndani ya jaribio hilo, watoto waliokuwa tangu mwanzo na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walipata madhara machache walipopewa chuma kilekile kuliko wenzao wasiopewa. Kwa hiyo swali la kumgawia mtoto chuma haliwezi kutangulia swali la hali ya akiba yake.

Na akiba hiyo hupimwa kwa ferritini ya damu, kipimo chenye hila. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano asiye na maradhi, chini ya mikrogramu 12 kwa lita ni ghala tupu. Ila homa na uvimbe huipandisha ferritini hata ghala likiwa halina kitu, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kikomo cha 30 kwa mtoto wa umri huo mwenye maambukizi. Karatasi ya maabara ikisoma 25, mtoto wa Unguja mwenye minyoo ya safura na homa ya siku tatu ana upungufu. Jirani yake mzima wa afya, kwa namba hiyo hiyo, hana.